Dakika Moja ya Salamu

Mwalimu alivaa saa mbili kwenye mkono mmoja, wa kushoto, na zote mbili zilikuwa nzima. Ya kwanza aliifuata; ya pili ilikuwa ya kuichunga ya kwanza isimdanganye. Ukimuuliza saa alizitazama zote kabla ya kukujibu, na zikipishana hata kidogo alisema, "Ngoja nihakikishe," akaondoka kwenda kuitazama ya ukutani. Tulimcheka kwa hilo, nami nilimcheka kuliko wenzangu. Siku hizi nami nina saa mbili, ila ya pili naiweka ndani ya mkoba kwa sababu naona haya.

Nilifanya kazi chini yake miaka mitano, katika chumba cha kompyuta cha hospitali moja ndogo upande wa Msambweni. Jina la hospitali nitaliacha, na lake yeye pia nitaliacha, kwani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa amesomesha hesabu maisha yake yote, akastaafu, akaombwa aje atusaidie miezi mitatu, akakaa miaka. Hata daktari mkuu, ambaye aliwahi kuchapwa naye darasa la sita kwa kukosea desimali, alisimama kila alipoingia.

Ninamwandika kwa sababu moja ambayo ni bora niiseme mapema. Kuna kosa nililolifanya mimi, likaandikwa jina lake, naye akalibeba mbele ya watu akaondoka nalo mpaka nyumbani kwake Mwabungo. Mimi nilinyamaza. Nilinyamaza wiki, nikanyamaza mwaka, ikawa miaka saba. Msomaji akiniona nasitasita hapa na pale asidhani ni madoido ya kusimulia. Ni hofu.

Kazi yetu ilikuwa hifadhidata. Watu wakilisikia neno hilo hudhani ni kabati la namba, unaziweka leo unazitafuta kesho ukiwa na haja nazo. Yetu haikuwa hivyo. Vipimo vilivyofungwa kwenye friji ya damu, kwenye friji ya chanjo na kwenye bomba la oksijeni la chumba cha watoto njiti vilileta namba kila baada ya sekunde chache, na hifadhidata yenyewe ilizisoma, ikazipima, ikaamua kama kuna mtu wa kuitwa. Kanuni za kuamulia aliziandika Mwalimu. Aliziandika kwanza kwa mkono, katika daftari la miraba la watoto wa shule, kwa safu tatu: Likitokea nini. Ikiwa vipi. Fanya nini. Kisha akapiga mstari kwa kalamu nyekundu akaongeza safu ya nne, ambayo vijana waliotuletea mitambo kutoka Nairobi hawakuwa nayo kwenye karatasi zao: Kabla ya lini.

Kanuni isiyo na safu ya nne, alikuwa akisema, ni nia njema tu. Mashine inaweza kufanya jambo lile lile ulilolitaka, kwa usahihi kabisa, na mtoto akawa ameshakufa.

Alikuwa na ugomvi na namba zisizo na umri. Wiki yangu ya kwanza aliniuliza friji ya damu ina joto gani, nikamjibu nne. Akaniuliza nne ya saa ngapi. Sikujua, ilikuwa namba iliyobaki kwenye kioo cha kompyuta, labda tangu umeme ulipokatika. "Basi hilo si joto, mwanangu," akasema. "Hiyo ni hadithi." Kila namba kwake ilizaliwa na uhai wake, nyingine dakika kumi, nyingine nusu dakika, na uhai ukiisha aliifuta kwenye kioo, hata kama palibaki patupu. Alisema patupu panamwambia mtu ukweli kwamba hajui. Tabia hiyo aliipeleka mpaka sokoni. Muuza samaki akimwambia huyu changu ni wa leo, alimuuliza wa leo saa ngapi, na wachuuzi wa pale Ukunda walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kuulizana wenyewe.

Na mtu huyo huyo, kwenye harusi, hakuwahi kufika kwa wakati. Nikahi ya binti yake mwenyewe alifika watu wanapangusa mikono na biriani imekwisha. Matangani alikuwa mtu wa mwisho kuingia na wa mwisho kutoka. Mkutano wa wazazi, usiutaje. Nilipomtania kwamba mwenye saa mbili ndiye anayechelewa, alicheka mpaka akavua miwani, akasema kwamba harusini hakuna mtoto anayekata pumzi, na yeye ana haraka ya kutosha kazini, akitoka nje anataka kutembea.

Lakini ndani ya chumba kile alikuwa mtu mwingine. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayezungumza karibu na mgonjwa aliyelala. Alikunywa chai ya tangawizi ikiwa imepoa kabisa, kwa kuwa kila alipoinua kikombe kuna kitu kilimwita. Alishtuka kila simu ilipolia, hata kama ni simu ya jikoni. Nilidhani ni uzee. Sasa najua ni nini, maana nami hushtuka.

Kilichomtia wasiwasi zaidi ni kanuni moja kuamsha nyingine. Siku moja umeme ulicheza, ukaenda ukarudi, na kanuni zote zikaamka kwa pamoja kama watoto wachanga, akilia mmoja wanalia wote. Mashine ikawa inaandika ripoti ya vyandarua vilivyogawanywa kijijini, kwa ukamilifu, mstari kwa mstari, huku friji ya damu ikipata joto na kanuni yake imekaa nyuma kwenye foleni. Hakuna aliyedhurika siku ile, lakini Mwalimu hakula mchana. Alikaa na daftari lake siku nne akazipanga upya. Akanieleza kwamba katika zahanati yenye akili, muuguzi hamwiti aliyetangulia kufika. Humwita anayekaribia kuzimia. Basi tangu siku hiyo kanuni yetu iliyobakiwa na muda mfupi ndiyo iliyotangulia, na ripoti ya vyandarua ikangojea mpaka watu wapumue.

Alinifundisha pia kwamba vikomo vya ile safu ya nne haviko sawa, na hili nataka msomaji alishike kwa sababu nitalirudia mwishoni. Kuna kikomo cha bure, alisema: kikishapita, kazi haina maana, kama kadi ya harusi inayoletwa siku ya pili. Itupe, usijisumbue. Kuna kikomo cha kuhani. Mtu amefiwa, wewe ulikuwa safarini, hukuwahi mazishi wala matanga. Umechelewa, na kila siku inayopita aibu yako inazidi na neno lako linapungua thamani, lakini ukienda kumhani, hata baada ya mwaka, utakaribishwa, utapewa maji, na neno lako litapokewa. Na kuna kikomo cha roho. Hicho kikipita, kuna mtu anayelipa kwa mwili wake. Kwenye daftari vya roho vilikuwa vichache, vyote kwa wino mwekundu, na cha kwanza kabisa kilikuwa cha oksijeni.

Mitungi mikubwa ya gesi ilikaa kwenye kibanda nyuma ya wodi, mstari mmoja ukitumika na wa pili ukingoja. Kifaa cha kujigeuza chenyewe kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo mstari wa kwanza ukikaribia kwisha lazima mtu aende na spana afungue wa pili kwa mkono. Mtu huyo alikuwa Mzee wa Gesi, ambaye alikaa kwenye nyumba ndogo ndani ya ua, hatua chache kutoka kibandani. Sisi tulikuwa upande wa pili wa hospitali, mbali mno kukimbia, na wauguzi wa watoto njiti hawakuweza kuwaacha watoto. Kengele ya ukutani ilikuwepo, lakini ililia kila umeme ulipocheza mpaka watu wakaacha kuisikia. Na kubadilisha mitungi mapema kupita kiasi hatukuweza, maana gesi iliyobaki ilirudi bure kiwandani, na mitungi mingine ilitoka Mombasa, ikivuka kivuko, na haikufika kila tulipoitaka.

Mwanzoni mashine ilimpigia Mzee simu yenyewe. Sauti iliyorekodiwa ilimwambia: presha ya gesi iko chini, tafadhali badilisha mtungi. Mzee alikata. Ikapiga tena, akakata tena. Mwalimu alipomwendea kumuuliza, Mzee alimwambia bila hasira kwamba yeye hazungumzi na mtu asiyemsalimu. Alikuwa amewahi kupigiwa na wale matapeli wanaomwambia mtu mwanao amepata ajali, fanya haraka, na hao nao hawasalimu. Mtu mwema huanza na shikamoo.

Mwingine angemkemea, au angemtafuta kijana asiye na masharti. Mwalimu alirudi chumbani, akaketi, akasema Mzee ana haki. Akabadilisha kanuni: mashine itupigie sisi tulio zamu, na sisi, binadamu, tumpigie Mzee. Kisha akafanya jambo ambalo nililiona la kichekesho siku ile. Kwa siku kadhaa, kila nilipompigia Mzee kwa shughuli yoyote, Mwalimu alisimama kando yangu akizitazama saa zake na kupima salamu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Tumeamka salama, alhamdulillahi. Watu wa nyumbani?"

"Wazima."

"Watoto?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Wape salamu zao. Haya, mwanangu, niambie."

Ikichukua muda mfupi, sekunde hamsini. Ikichukua mrefu, zaidi kidogo ya dakika. Mwalimu akaenda kwenye kanuni ya oksijeni, akahesabu: nusu dakika ya sisi kupokea na kupiga, dakika moja na nusu ya Mzee kutembea, dakika moja ya spana. Katikati yake akaandika mstari: Salamu, sekunde sitini. Jumla dakika nne. Hifadhidata ikiona gesi iliyobaki inatosha dakika nne, ituite. Nilimuuliza kama kweli anaiandikia kompyuta shikamoo. Akanijibu kwamba kompyuta haina haja ya kujua maana yake. Inatakiwa ijue tu kwamba ipo, na ina urefu gani.

Miaka miwili mstari ule ulikaa hapo na hakuna mtoto aliyekosa pumzi.

Halafu wakaja vijana wawili kutoka Nairobi, wapole, wachangamfu, wenye kompyuta za kubeba, kuzisafisha kanuni zetu kabla ya kuzihamishia kwenye mtambo mpya. Siku hiyo Mwalimu alikuwa amekwenda Vanga kuzika, na kwa barabara ile nilijua harudi kabla ya magharibi. Mabadiliko yoyote yalitaka idhini kwa jina lake na nywila yake. Nywila alinipa mwenyewe, siku nyingi, ili nisikwame akiwa mbali. Mkubwa wa wale vijana akaufikia ule mstari, akasoma, akanigeukia.

"Sasa madam, hii kitu ya salamu ni ya nini? Nani aliweka hii?"

Mwenziwe akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Lakini mimi nilisikia uso wangu unawaka. Nilijiona mtu wa pwani mbele ya watu wa bara, tunaosemwa kwamba hatuna haraka, mpaka kompyuta yetu tumeifundisha kukaa jamvini. Ningeweza kumweleza habari ya Mzee. Yalikuwa maneno matatu manne tu. Nikasema ni mzaha wa zamani, uondoeni. Nikaandika nywila ya Mwalimu, nikabonyeza, mstari ukaondoka, na dakika nne zikawa tatu.

Nilikusudia kumwambia kesho yake. Kesho yake alikuja amechoka na huzuni ya msiba, nikaona nimwache. Keshokutwa alikuwa na kazi. Siku ya nne nikawa naogopa kuulizwa mbona sikusema siku ya kwanza. Kila aliyewahi kuficha jambo anajua linavyokuwa zito kwa kukaa.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, mashine ikaniita. Nilikuwa peke yangu. Mwalimu alikuwa kwenye friji ya chanjo. Kioo kikasema gesi ya dakika tatu. Nikampigia Mzee, na kwa kuwa nilijua ni kitu gani nimekiondoa, niliruka salamu.

"Mzee, gesi inakwisha, nenda kibandani sasa hivi."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, wa kompyuta, fanya haraka."

"Mtoto wa nani wewe usiyesalimu wakubwa?" Akakata.

Nikapiga tena. Nikasema shikamoo. Akaniambia marahaba, mwanangu, hujambo, kwa upole wake wote, hajui kwamba ni mimi yule yule. Nikamwambia sijambo. Akaniuliza watu wa nyumbani, nikamwambia wazima. Akaniuliza watoto. Nilikuwa na watoto wangu wawili nyumbani na wanne wa watu wengine kwenye bomba, na nikamjibu hawajambo, wanakusalimu, huku machozi yananitoka. Kisha nikamwambia gesi, na Mzee wa watu akatupa simu akakimbia. Nilisikia viatu vyake kabla simu haijakatika.

Gesi ilikatika dakika moja na kitu. Muuguzi alikuwa na mtungi mmoja mdogo wa akiba kwa watoto wanne, akawa anauzungusha, huyu kidogo, yule kidogo. Watatu walirudiwa na rangi mara moja. Wa nne alikuwa amezaliwa kwa miezi saba, mtoto wa mama mmoja anayeuza vitumbua pale barabarani, na hata jina alikuwa hajapewa. Alibadilika rangi, akatulia, halafu akalia. Aliishi. Baadaye ikaonekana sikio lake la kushoto halisikii. Daktari alisema huenda ni ile dakika, huenda ni kule kuzaliwa kabla ya siku zake, huenda ni homa aliyoipata baadaye, hakuna anayeweza kusema. Hilo la hakuna anayeweza kusema ndilo ninaloamka nalo kila asubuhi.

Kamati ya uchunguzi ikaketi. Hifadhidata huandika kila mabadiliko, kwa jina na kwa saa, na karatasi ilisema: mstari uliondolewa saa nane mchana, kwa idhini ya Mwalimu. Saa nane mchana ya siku ile Mwalimu alikuwa Vanga, ameketi na wafiwa, na kijiji kizima kingeshuhudia. Mwenyekiti akamuuliza kama huo ni mkono wake.

Mwalimu aliishika karatasi mbali kidogo na macho, akaisoma, akazitazama saa zake mbili kama kawaida yake. "Ni jina langu," akasema. "Likiwa ni langu, ni langu."

Mimi nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Nilifungua kinywa, na naapa nilikifungua, na hakikutoka kitu. Hakunigeukia hata mara moja. Afadhali angenigeukia.

Kazi yake ilikoma jioni ile ile. Jambo la mwisho alilolifanya ni kuketi kwenye kiti chake na kuurudisha ule mstari, Salamu, sekunde sitini, akanipa daftari, akaniambia nisiache chai ipoe. Nilimsindikiza mpaka langoni. Njia nzima tulizungumza habari ya bei ya nazi.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kujificha. Nikienda Diani nilipita njia ya nyuma nisije nikakutana naye. Siku moja nilimwona sokoni Ukunda, nikaingia ndani ya duka la leso, nikachagua leso ambayo sikuihitaji mpaka alipopita. Sikukuu nilimtumia ujumbe wa mistari miwili. Alijibu kila mara, kwa sentensi kamili zenye nukta, na kila mara alimaliza kwa kuniuliza: Unaendeleaje na safu ya nne?

Mwezi uliopita nikasikia presha ya macho imemzidi, haoni tena. Sijui kwa nini habari hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Labda ni woga tu, kwamba nitaweza kusema mbele ya mtu asiyeniona. Nilikwenda kwake Mwabungo baada ya alasiri.

Barazani alikaa mtoto wa kiume na daftari la miraba, anaandika. Nikapiga hodi. Hakugeuka. Nikapiga tena, kwa sauti zaidi, naye akaendelea kuandika, ameuma ulimi. Sauti ya Mwalimu ikatoka ndani, ile ile ndogo.

"Karibu. Pita upande wake wa kulia, wa kushoto hausikii."

Nilipita upande wa kulia, mtoto akainua uso, akaniambia shikamoo vizuri kabisa. Mama yake, nilikuja kuambiwa, humwacha pale kila siku akienda kuuza, na Mwalimu humfundisha hesabu kwa kumshika mkono na kumsikiliza akisoma.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha ukili, amekonda. Saa zote mbili zilikuwa mkononi. Nikamshika mkono, nikamwambia shikamoo. Akaitikia. Akaniuliza hali yangu, akaniuliza safari, watu wa nyumbani, watoto kila mmoja kwa jina lake na darasa lake, akauliza hospitali, akauliza Mzee wa Gesi, nikamwambia Mzee yuko na bado hapokei asiyesalimu. Alicheka. Kisha akayaelekeza macho yake ukutani.

"Sekunde hamsini na nane," akasema. "Sasa sema."

Nikasema. Nilisema vibaya, nikianzia mwisho, nikarudi nyuma, nikataja nywila, nikataja vijana wa Nairobi na kicheko, na namna nilivyoona aibu. Aliningoja mpaka nikamaliza.

"Saa nane mchana nilikuwa Vanga," akasema. "Ulidhani mimi sijui nilikuwa wapi?"

Nilimuuliza mbona hakunitaja. Akanieleza kama anayeeleza hesabu. Nywila alinipa yeye, na hilo lilikuwa kosa lake kabla halijawa langu. Na wangeniondoa mimi, pangebaki mtambo pasipo mtu anayejua ule mstari ulikuwa wa nini, na yeye macho yalikuwa yameshaanza kumwacha. Halafu akaongeza kwamba alitarajia nije mwenyewe. Alinikadiria wiki mbili.

"Nimechelewa, Mwalimu."

"Umechelewa. Kikomo cha kipi?"

Aliniuliza kwa sauti ya darasani, nami nikajibu kama mwanafunzi. Nikasema cha roho.

"Cha roho kilipita siku ile, ndani ya dakika ile. Hukiwezi tena, usijisumbue nacho. Hiki ni cha kuhani." "Lakini wa kuhaniwa si mimi. Mama yake huja kumchukua saa kumi na moja. Sasa ni saa ngapi?"

Nikatazama saa ya mkononi, nikatoa na ile ya mkobani. Zilipishana dakika moja. Nikamwambia inakaribia, zimebaki kama dakika kumi. Mlango ulikuwa wazi, njia ya barabarani naijua, na hakunishika nguo. Alimwita tu mtoto aje amsomee alichoandika, na mtoto akaja, akasimama na sikio lake la kulia upande wetu, akasoma mafungu ya nane mpaka tisini na sita. Nilikaa.

Mama akaingia na beseni tupu kiunoni. Alinikumbuka, yule dada wa kompyuta wa hospitali, akafurahi kuniona. Akatoa salamu, tukaitikia. Akaniuliza habari za siku nyingi, nikamwambia njema. Akaniuliza afya, nikamwambia alhamdulillahi. Akaniuliza watu wa nyumbani, nikamwambia wazima. Mwalimu alikuwa ametulia kitini, na midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Na watoto?" mama akaniuliza.

"Hawajambo," nikasema. Adabu ilitaka nirudishe swali, nikalirudisha. "Na wako?"

"Hajambo, dada. Mzima kabisa. Kama unavyomwona."

Nikamwona. Salamu zikawa zimekwisha. Nikamwambia aketi kwanza, nina neno, na nikaanza kusema.